Mabondia wangu bora wa nyakati zote: mimi nawapima kwa pambano la marudiano

#1 — Mleta uzi

Wakuu, habari zenu.

Kila tukijadili nani bondia bora wa nyakati zote, mjadala unaishia kwenye hesabu. Huyu kashinda mangapi, yule ana KO (ushindi wa kumlaza mpinzani) ngapi, huyu hajapigwa kabisa. Nimetazama kanda za zamani kwa miaka mingi, na kadiri ninavyozitazama ndivyo hesabu hizo zinavyonipungukia uzito. Rekodi inapikika. Meneja mjanja anajua wa kupambanishwa na bondia wake na wa kumkimbia. Kisichopikika ni ile siku bondia anapopanda ulingoni kukutana tena na mtu aliyekwisha kumjulia: mtu aliyeiona kasoro yake, akaitumia, akamwangusha mbele ya dunia nzima. Je, anarudi? Na akirudi, ni yuleyule au kuna kitu amebadilisha?

Naanza na Joe Louis. Tarehe 19 Juni 1936, Yankee Stadium, New York, Louis ana miaka 22 na hajawahi kupoteza pambano la kulipwa. Max Schmeling wa Ujerumani ana miaka 30 na wengi wanamwona ameshapita wakati wake. Lakini Schmeling alikuwa amekaa na filamu za Louis akaona jambo dogo: Louis akishapiga jabu, yaani ngumi ya kunyooka ya mkono wa mbele, mkono wa kushoto unarudi kwa chini badala ya kurudi usawa wa kidevu. Upenyo wenyewe ni wa kufumba na kufumbua. Schmeling akawa anausubiri, ukitokea tu anapitisha ya kulia juu yake. Raundi ya 4 Louis akaenda chini, raundi ya 12 akahesabiwa hadi kumi.

Mwaka uliofuata Louis alimpiga James Braddock akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, lakini mwenyewe alisema hatajiona bingwa mpaka ampige Schmeling. Wakarudiana 22 Juni 1938, uwanja uleule, mbele ya watu wapatao 70,000, utawala wa Hitler ukiwa umemfanya Schmeling nembo yake ingawa yeye hakuwahi kujiunga na chama chao. Pambano lilichukua dakika 2 na sekunde 4. Louis hakumwachia mwenzake muda wa kusubiri upenyo wowote. Alimbana kwenye kamba, akampiga ya kulia mwilini iliyomvunja kipande cha mfupa wa mgongo, akamwangusha mara tatu. Kona ya Schmeling ikarusha taulo. Baadaye watu hawa wawili wakawa marafiki, na Louis alipofariki 1981 Schmeling alichangia gharama za mazishi. Hilo huwa linanigusa sana.

Louis alitetea mkanda mara 25, na katika uzito wa juu hakuna aliyefika hapo tangu wakati ule. Desemba 1947, akiwa ameshachoka, Jersey Joe Walcott alimwangusha mara mbili na Louis akapewa ushindi ambao wengi waliuona si wake. Akampa Walcott marudiano Juni 1948. Akawa nyuma kwa pointi, kisha raundi ya 11 akaipata nafasi moja, na ikamtosha.

Bondia wangu namba moja lakini ni Sugar Ray Robinson. Nitamweleza kwa hasara zake, maana ushindi wake kila mtu anaujua.

Hasara ya kwanza: 5 Februari 1943, Detroit, Jake LaMotta anampiga kwa pointi na kumtoa nje ya kamba. Robinson alikuwa hajawahi kupoteza akiwa bondia wa kulipwa. Tarehe 26 Februari, mwezi uleule na mji uleule, akapigana tena na LaMotta na kushinda. Katikati hapo, tarehe 19, alikuwa amepigana na mtu mwingine! Wakuu, bondia wa leo akipoteza anapumzika mwaka mzima.

Hasara nyingine: 10 Julai 1951, London. Robinson yuko katikati ya ziara ya Ulaya, anapigana huku anastarehe, na Randolph Turpin wa Uingereza anamnyang'anya mkanda wa uzito wa kati kwa raundi 15. Siku 64 baadaye, Polo Grounds, New York, wanarudiana. Hadi raundi ya 9 Robinson hayuko mbali na Turpin, wengine waliona wanalingana. Raundi ya 10 anapasuka vibaya juu ya jicho la kushoto na damu inachuruzika. Anajua mwamuzi anaweza kusimamisha pambano wakati wowote. Bondia wa kawaida angejifunika. Robinson akaenda mbele, akamwangusha Turpin kwa ya kulia, akamfuata kwenye kamba na mvua ya ngumi mpaka mwamuzi akaingia kati, zikiwa zimebaki sekunde chache raundi iishe. Kama mna dakika tatu leo, tafuteni raundi hiyo.

Kisha Gene Fullmer, mtu mgumu kama gogo, alimpiga Januari 1957. Tarehe 1 Mei 1957, Chicago, Robinson akiwa amebakiza siku mbili kutimiza miaka 36, alimtega Fullmer kwa ngumi za mwilini mpaka mkono wake wa kulia ukashuka kidogo. Raundi ya 5 Robinson akapiga ya kushoto ya kuzungusha, moja tu, huku uzito wa mwili unaelekea nyuma. Fullmer hakuwahi kupigwa KO kabla ya hapo. Septemba mwaka huohuo Carmen Basilio akamchukulia mkanda, Machi 1958 Robinson akaurudisha. Hivyo ndivyo alivyokuwa bingwa wa uzito wa kati mara tano: kwa kupoteza na kurudi.

Nawasikiliza. Leteni wenu, ila semeni na sababu.


#2 — Mchangiaji

Mkuu, uzi mzuri na umenifundisha. Ila kipimo chako kinawaonea wasiopoteza. Floyd Mayweather kapigana 50, kashinda 50. Sasa huyu tumwambie apoteze kwanza ndipo tumheshimu? Rocky Marciano naye 49 kwa 49, KO 43. Kutokujuliwa ndiyo sifa ya juu kuliko zote.


#3 — Mchangiaji

Kwa kipimo cha mleta uzi, Lennox Lewis anatakiwa kuwa juu sana na sijaona jina lake.

Alipoteza mara mbili tu. Oliver McCall alimpiga KO raundi ya 2 mwaka 1994, London. Hasim Rahman alimpiga KO raundi ya 5 Aprili 2001, Afrika Kusini, mahali palipo juu sana kutoka usawa wa bahari, na Lewis alifika akiwa amebakiza siku chache za kuzoea hewa. Wote wawili alirudiana nao. McCall mwaka 1997 alisimamishwa raundi ya 5 akiwa analia ulingoni, tukio la kuhuzunisha kulitazama. Rahman alilala raundi ya 4, Novemba 2001. Na Evander Holyfield, waliyetoka naye sare Machi 1999 iliyowakasirisha watu wengi, alimpiga Novemba mwaka huohuo.

Alistaafu akiwa bingwa, na kila mwanaume aliyepigana naye kwenye ngumi za kulipwa alimpiga angalau mara moja. Hakuna deni aliloacha.


#4 — Mleta uzi

#3, nakubali moja kwa moja. Lewis nilimsahau na sina utetezi. Halafu kuna kitu cha ufundi hapo: baada ya McCall, Lewis alikwenda kwa Emanuel Steward, yaani mwalimu aliyekuwa kona ya McCall usiku ule. Alimtafuta mtu aliyechora ramani ya kumwangusha akamwambia nifundishe mimi. Kiburi cha kawaida cha bondia hakiruhusu jambo kama hilo.

#2, kuhusu Mayweather. Mimi sisemi lazima upoteze. Nasema lazima ujuliwe, kisha tuone. Na Mayweather alijuliwa. Tarehe 20 Aprili 2002, José Luis Castillo alimbana kwenye kamba na kumchimba mwilini usiku mzima, na hadi leo wapo wengi wanaoamini Castillo alishinda. Mayweather angeweza kuchukua mkanda na kwenda zake. Alirudiana naye Desemba mwaka huohuo, akacheza kwa miguu zaidi, akashinda bila kelele nyingi. Marcos Maidana naye alimsumbua Mei 2014 kwa fujo na ngumi za juu za kuvurumisha, Septemba wakarudiana na lile wimbi halikuwepo tena.

Na kuna usiku mmoja ambao Mayweather alirudiana na mtu ndani ya pambano lilelile. Mei 2010, raundi ya 2, Shane Mosley alimpata kwa ya kulia, magoti yakalegea, ikabidi ashike. Raundi ya 3 alitoka amesogea karibu zaidi badala ya kukimbia, akamnyima Mosley umbali wa kupiga ile ya kulia. Baada ya hapo Mosley hakuwa na kitu. Kwa hiyo yumo, mkuu. Simpendi sana kumtazama, lakini yumo.

Marciano naye simwachi. Ezzard Charles alikwenda naye raundi 15 Juni 1954, miezi mitatu baadaye Marciano akashinda kwa KO raundi ya 8 pua yake ikiwa imepasuka vibaya.


#5 — Mchangiaji

Uzi wa mabondia bora, posti nne, na Muhammad Ali hajatajwa hata kwa bahati mbaya. Haya sasa.


#6 — Mchangiaji

Ndugu #5, nilikuwa namsubiri mleta uzi ila acha nimtangulie, kwa sababu Ali akitazamwa kwa jicho hili la marudiano anakuwa mkubwa kuliko tulivyozoea kumwimba.

Tunapenda kumsifu Ali kijana: 1964 anampiga Sonny Liston, 1966 anamchezea Cleveland Williams kama mtoto. Yule alikuwa na kasi ambayo uzito wa juu haujaona tena. Mikono chini, anarudisha kichwa nyuma ngumi inapita hewani. Kiufundi ni makosa, lakini alikuwa na macho na miguu ya kuyalipia. Kisha 1967 akakataa kwenda vita vya Vietnam, wakamvua mkanda, akakaa nje zaidi ya miaka mitatu, ile miaka ambayo bondia anakuwa katika ubora wake. Aliporudi 1970 miguu ilikuwa imepungua, na makosa yaleyale hayakuwa na wa kuyalipia tena.

Aliyeyaona ni mwalimu mmoja, Eddie Futch. Alikuwa kwenye kambi ya Joe Frazier, na pia ndiye aliyemfundisha Ken Norton. Aliona kwamba Ali akitaka kupiga ngumi ya kutoka chini kwenda juu, mkono wa kulia unashuka na kidevu kinabaki wazi. Frazier akaelekezwa hapo, kwa ngumi yake ya kushoto ya kuzungusha, na raundi ya 15 tarehe 8 Machi 1971 Ali akaenda chini. Norton aliambiwa: Ali akipiga jabu, na wewe piga jabu wakati huohuo. Machi 1973 Norton akamvunja taya.

Wawili wote alirudiana nao, na wote wawili aliwapiga. Norton, Septemba mwaka huohuo, taya likiwa limepona tu. Frazier, Januari 1974, kisha Manila 1 Oktoba 1975, pambano lililoisha pale huyuhuyu Futch alipomkatalia Frazier kutoka kwa raundi ya 15 kwa sababu haoni. Nawapenda Frazier na Ali kwa kiasi kilekile kwa ajili ya asubuhi ile. Hata Leon Spinks, aliyemshangaza Februari 1978, alirudishiwa Septemba, na Ali akawa mtu wa kwanza kuutwaa ubingwa wa uzito wa juu mara tatu.

Kinshasa 1974 sijaigusa kwa sababu haikuwa marudiano. Lakini George Foreman alikuwa amewamaliza Frazier na Norton, kila mmoja kwa raundi mbili. Ali aliyeegemea kamba hadi raundi ya 8 alikuwa anajibu swali ambalo wapinzani wake wawili wagumu walishindwa hata kulisoma.


#7 — Mchangiaji

Kaka zangu, naomba nichangie upande ambao haujafikiwa.

Katie Taylor wa Ireland. Medali ya dhahabu London 2012, mwaka wa kwanza wanawake kuruhusiwa kupigana ngumi kwenye Olimpiki. Alikuwa hajapoteza pambano la kulipwa hadi 20 Mei 2023, alipopanda uzito kumfuata Chantelle Cameron, tena nyumbani kwake Dublin, mbele ya watu waliokuja kumshangilia. Cameron alimzidi nguvu, akawa anamsukuma nyuma, Taylor akapoteza kwa pointi. Umri wake wakati ule ni miaka 36. Wengi walisema basi tena.

Novemba mwaka huohuo, Dublin tena, Cameron tena. Safari hii Taylor hakukubali kusukumwa. Alipiga na kushika, akapiga na kugeuka, akafanya pambano liwe chafu pale alipotaka liwe chafu na safi pale alipotaka liwe safi. Akashinda. Kwa kipimo cha mleta uzi sijui mnamweka wapi, lakini mimi namweka juu.

Na mapambano yake na Amanda Serrano, hasa la kwanza Madison Square Garden Aprili 2022, raundi ya 5 ambayo Taylor alikuwa anaelekea kuanguka akakataa kuanguka, ni ngumi bora nilizowahi kuona kwa jinsia yoyote. Raundi za wanawake ni dakika mbili. Mtu asiseme ni rahisi zaidi. Dakika mbili maana yake hakuna muda wa kupumua katikati.


#8 — Mleta uzi

Dada #7, asante sana. Taylor na Cameron la pili nilikuwa sijalitazama, nimelitazama baada ya kusoma posti yako. Umenena kweli, na nililopenda zaidi ni jinsi alivyokuwa akishika kabla Cameron hajaanza kusukuma. Yumo.

Nilipanga kumleta Azumah Nelson wa Ghana kwenye posti ya pili, tukapotelea kwingine. Nikae hapa kidogo.

Julai 1982 Nelson ana mapambano 13 tu ya kulipwa na nje ya nyumbani karibu hakuna anayemjua. Anaitwa kwa taarifa ya muda mfupi kupigana na Salvador Sánchez wa Mexico, bingwa wa dunia wa uzito wa unyoya, Madison Square Garden. Alikwenda naye hadi raundi ya 15 ndipo akasimamishwa. Sánchez akafa kwa ajali ya gari mwezi uliofuata akiwa na miaka 23, kwa hiyo marudiano hayakuwepo na hayangekuwepo. Nelson aliuchukua mkanda uleule Desemba 1984 kwa kumpiga Wilfredo Gómez huko Puerto Rico, nyumbani kwa Gómez, KO raundi ya 11. Alikuwa nyuma kwa pointi.

Lakini Nelson ninayempenda ni wa Jeff Fenech. Juni 1991, Las Vegas, Fenech wa Australia, hajapigwa, anambana Nelson kwa raundi 12 bila kumpa nafasi ya kuvuta pumzi. Majaji wakasema sare. Karibu kila aliyetazama alisema Fenech ameibiwa, na mimi pia nikiitazama leo nampa Fenech. Nelson alikuwa anakaribia miaka 33. Mwenyewe alisema alipigana akiwa na malaria, watu wakaona ni visingizio.

Akakubali marudiano, na akakubali yafanyike Melbourne, kwao Fenech, uwanja wa wazi, 1 Machi 1992. Raundi ya kwanza Fenech chini. Raundi ya pili chini tena. Kwenye pambano la kwanza Nelson alimngoja Fenech aje kisha ndipo ajibu. Safari hii alimpiga wakati anakuja, ya kulia ikimkuta Fenech katikati ya hatua, kabla miguu haijatulia. Raundi ya 8 mwamuzi akamaliza. Walimwita Profesa, na siku ile alisahihisha mtihani.

Hapohapo nimtaje Dick Tiger wa Nigeria. Alichukua mkanda wa uzito wa kati kwa Gene Fullmer 1962, akaupoteza kwa Joey Giardello Desemba 1963, akasubiri karibu miaka miwili Giardello amkubalie, akaurudisha Oktoba 1965. Mwaka uliofuata akapanda uzito akamvua José Torres ubingwa wa laiti-hevi. Ni mtu wa heshima sana ambaye vijana hawamtaji.


#9 — Mchangiaji

Wakuu, mimi nimepigana ngumi za ridhaa kwa miaka kadhaa, si kwa kiwango cha kujisifia, lakini cha kutosha kujua inavyouma. Naomba nipingane na mleta uzi kwa heshima.

Kipimo chako kinapima moyo na akili. Vizuri. Lakini ulingoni ukubwa wa bondia mimi niliujua miguuni. Mtu akiwa na miguu, unapiga na hayupo. Hujui aliondoka saa ngapi. Unachoka kwa kupiga hewa, na kupiga hewa kunachosha kuliko kupiga mtu.

Ndiyo maana wangu ni Pernell Whitaker. Mashoto, mfupi, hana ngumi ya kuua. Anainama mpaka magoti yanakaribia turubai, anakuwa karibu nawe kiasi cha kumgusa, na bado humpati. Septemba 1993 alipigana na Julio César Chávez, aliyekuwa hajapoteza katika mapambano zaidi ya 80, pale San Antonio. Alimpiga jabu usiku kucha. Majaji wakatoa sare. Hakupewa marudiano. Sasa kwa kipimo chako tumfanye nini? Sánchez uliyemtaja mwenyewe alikufa na miaka 23. Marudiano yanahitaji watu wawili wakubali, na uhai.

Miongoni mwa wa sasa, Oleksandr Usyk ana kitu hicho cha miguu. Uzito wa juu, wapinzani wamemzidi kimo na kilo, lakini hatua yake ya mbele ya kulia huwa nje ya mguu wa mpinzani, na kutoka hapo ya kushoto ina njia iliyonyooka. Anthony Joshua alirekebisha mengi kwenye marudiano yao Agosti 2022, raundi ya 9 akamtikisa kweli. Raundi ya 10 Usyk akajibu kwa raundi bora ya pambano zima. Tyson Fury naye alipigwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja, 2024.


#10 — Mleta uzi

#9, posti yako nimeisoma mara tatu. Hoja ya Whitaker imenipata. Marudiano si jambo ambalo bondia anaamua peke yake, na hilo sikulipa uzito. Nitaongeza tu kwamba Whitaker alikuwa na deni moja la kweli: Machi 1988, Paris, majaji walimpa José Luis Ramírez pambano ambalo Whitaker alikuwa ameshinda waziwazi. Agosti 1989 wakarudiana na hakuwaachia majaji la kuamua, karibu kila raundi ilikuwa yake. Kwa hiyo hata yeye nampokea kupitia mlango wangu, lakini ule wako wa miguu ni mlango halali.


#11 — Mchangiaji

Mike Tyson je? Bingwa wa uzito wa juu akiwa na miaka 20. Michael Spinks alimmaliza kwa sekunde 91.

Na Roberto Durán? Yule aliyegeuka katikati ya ulingo akakataa kuendelea. Kwa kipimo chako huyo si amefeli kabisa?


#12 — Mleta uzi

Tyson wa 1986 hadi 1988 ndiye bondia niliyefurahia kumtazama kuliko wote, sifichi. Kichwa hakitulii, anaingia chini ya jabu, ya mwilini kisha ya kutoka chini kwenda juu kwa mkono uleule. Lakini Buster Douglas alipomlaza Tokyo Februari 1990 hakurudiana naye, maana Douglas alipoteza mkanda kwa Holyfield mwaka uleule. Na Holyfield alipomjulia 1996, marudiano yao ya 1997 yaliishia kwenye sikio la Holyfield. Namwacha nje, na inaniuma.

Durán ni habari ndefu. Juni 1980, Montreal, alimpiga Sugar Ray Leonard kwa kumfanya apigane kwa hasira. Novemba, New Orleans, Leonard alicheza kwa miguu, akamzunguka, akamfanyia mzaha, na raundi ya 8 Durán akageuka akaondoka. Marudiano yale ni ya Leonard, na ni kati ya marudiano bora kiakili niliyowahi kuona: alijua kwamba Durán aliongezeka uzito mno baada ya ushindi, akataka pambano lifanyike haraka. Lakini Durán hakuishia pale. Juni 1983, siku anatimiza miaka 32, alimpiga Davey Moore raundi ya 8. Februari 1989, na miaka 37, mtu aliyeanza ubingwa kwenye uzito mwepesi alimwangusha Iran Barkley raundi ya 11 akachukua mkanda wa uzito wa kati. Barkley alikuwa amemlaza Thomas Hearns mwaka uliotangulia. Nadhani Durán alikuwa anarudiana na ile raundi ya 8 ya New Orleans kwa miaka minane yote. Yumo, tena juu.

Na nimebakiza mmoja, ambaye nilikuwa namkwepa kwa sababu anavunja kipimo changu. Marvin Hagler.

Mapambano 67. Ushindi 62, KO 52, sare 2, kupoteza 3. Tazameni hizo tano. Sare na Sugar Ray Seales 1974: baadaye alimlaza raundi ya kwanza. Alipoteza kwa Bobby Watts, Philadelphia, Januari 1976: 1980 alimmaliza raundi ya 2. Alipoteza kwa Willie Monroe, Philadelphia tena, Machi 1976: mwaka uliofuata alimsimamisha mara mbili. Sare na Vito Antuofermo 1979, alipostahili kuwa bingwa: 1981 alimsimamisha akiwa sasa bingwa yeye. Hakuna bondia aliyelipa madeni kwa ukamilifu namna ile. Hearns 1985, raundi tatu, paji la uso limepasuka, hakuhitaji hata marudiano.

Limebaki moja. Tarehe 6 Aprili 1987, Leonard, aliyekuwa amepigana mara moja tu katika miaka mitano. Hagler alikubali kila sharti: raundi 12 badala ya 15, ulingo mkubwa, glovu nzito. Kisha akaanza raundi za mwanzo kwa mtindo wa mkono wa kulia, yeye mashoto, akazitoa bure. Leonard akawa anasubiri sekunde za mwisho za kila raundi anarusha ngumi za haraka majaji wazione. Mmoja akampa Leonard 115-113, mwingine Hagler 115-113, wa tatu akampa Leonard 118-110. Hiyo ya tatu sijaielewa mpaka leo. Mimi nampa Hagler kwa raundi moja, na nakubali mtu akisema Leonard kwa raundi moja.

Hagler alitaka marudiano. Leonard alistaafu. Hagler alingoja zaidi ya mwaka, kisha Juni 1988 akatangaza ameacha. Miezi mitano baadaye Leonard alirudi ulingoni, na ndipo fedha kubwa za marudiano zikaanza kuzungumzwa. Hagler alikuwa ameshahamia Italia anacheza filamu. Alikataa. Hakurudi tena hadi alipofariki Machi 2021.

Kwa kipimo changu mwenyewe hapo kuna deni halijalipwa, na nimejaribu kumweka chini ya Robinson, chini ya Louis, chini ya Ali, chini ya Lewis. Kwa Lewis mkono unagoma. Naandika hivi: Robinson, Louis, Ali, Hagler. Anayetaka kunisahihisha aitazame kwanza raundi ya 12 ya ule usiku wa Leonard, atazame miguu ya nani inaelekea mbele.